Hodi ya Tatu

Kichupa kilikuja na boti ya jana,
kimezikwa barafuni, kimeandikwa namba,
kidogo kuliko kichupa cha wanja cha bibi yangu.
Pale Mkoani, Shaame wa ushuru akaniuliza:
Ndani mna nini?
Nikasema, damu ya sungura. Si damu yote,
ni ile inayojua kutafuta.
Akacheka. Huyo sungura keshakulaghaini,
kala karoti zake, kakuachieni barafu.
Akagonga muhuri.

Mikrolita mia. Kwa mwaka mzima.
Napima kama mpima zafarani,
tone moja kwa matone mia mbili,
na mkono usitetemeke, Bishara,
mkono usitetemeke.

Kila seli ni nyumba. Kabla haijagawika
sharti ibishe hodi,
na mle kiinini, mlangoni, yupo bawabu,
kazi yake neno moja: Subiri.
Subiri, uzi wako umekatika hapa, ushone kwanza.
Subiri, majirani bado hawajapata nafasi.
Hana sura. Darubini haimwoni
mpaka apelekewe mgeni anayemjua,
amshike mkono asimwachie,
ndipo nitie rangi
juu ya mikono iliyoshikana.

Akiwepo, kiini hugeuka
rangi ya gome la mkandaa lililorowekwa.
Asipokuwepo hubaki buluu,
buluu ya kufulia, safi,
safi ya kutisha.

Kipande cha leo ni namba mia mbili na kumi na mbili.
Mwanamke, arubaini na tatu, Mgogoni.
Jina sipewi. Nafuu.
Lakini pembeni mwa karatasi
mtu kaandika kwa kalamu ya risasi:
alilihisi akifunga ubeleko.

Saa nane umeme ukakatika. Jokofu likanyamaza.
Faki akakimbilia jenereta, kiatu kimoja mguuni,
mimi nikakitumbukiza kichupa kwenye chupa ya chai
niliyojia na barafu ya ukwaju.

Taa zikarudi. Nikainamia darubini.
Kando, kwenye mfereji wa maziwa ulio mzima,
mabawabu wamo, wa rangi ya mkandaa, wamekaa zamu.
Nikasogeza kioo kidogo.
Buluu.
Nikasogeza tena. Buluu. Nyumba juu ya nyumba,
milango wazi, vyumba vinazaa vyumba,
hakuna aliyeulizwa.
Hodi, anaita sungura. Hodi.
Na hodi ya tatu, kwa desturi yetu,
usipoitikiwa, unaondoka.

Mimi siondoki.
Nimehesabu mia. Nimehesabu mia nyingine.
Nimeandika: sita kwa mia, na sahihi yangu.
Kwamba sita ni dawa gani, au kisu gani, au dua gani,
hayo ni ya daktari.
Kichupani zimebaki mikrolita tisini na nane.

Jioni, Wawi, mlangoni kwangu,
ufunguo mkononi, nikajikuta nabisha hodi.
Nikabisha tena.
Mwanangu akajibu kwa ndani:
Mama, si unao ufunguo?