Nusu Shilingi

Nina daftari dogo, la rangi ya samawati,
hukaa garini chini ya leso ya kufutia vumbi.
Marehemu alikuwa akiandika madeni humu.
Mimi naandika lita.

Jumatatu. Lita thelathini, petroli tupu.
Magongo, Port Reitz, uwanja wa ndege, Bamburi mara mbili.
Kilomita mia tatu na sitini.
Kumi na mbili kwa lita. Kwa Korola ya umri huu, alhamdulillahi.

Jumanne akaja Nyawa, mdogo wangu wa Ramisi,
na mitungi miwili ya manjano.
"Spiriti ya miwa, dada. Hii haikuvuka bahari."
Akafungua kifuniko nikanusa,
mara nikamwona mama.
Si uso. Mikono tu,
na utomvu wa miwa uliochacha kwenye pindo la leso,
msimu wa kukata, tulipokuwa tukimpokea njiani
tukitafuta kipande alichotufichia.

Fundi Shebwana wa Makupa hakumwona mtu.
Alitia kidole, akakipuliza, akasikiliza baridi yake.
"Hii ni bwana harusi," akasema,
"huja kwa kishindo, na hula sana.
Mzigo unaobebwa na lita moja ya petroli,
hii huubeba kwa lita moja na nusu.
Lakini haigongi, Bi Mwanasha. Ukiikaza, haigongi."
Akapanua jeti ya kabureta, akaiwahisha cheche,
tukachanganya nusu kwa nusu.

Jirani yangu Bi Tunu alichungulia dirishani:
"Gari lako siku hizi linakunywa? Hata Ijumaa?"
Nikamwambia linakunywa, ila haliyumbi.

Sasa nieleze vipi mlima wa Mazeras?
Abiria wanne, mifuko miwili ya saruji kwenye buti,
mahali ambapo miaka yote hushuka gia ya pili
na kuomba radhi kwa malori yaliyo nyuma.
Nilikanyaga.
Gari likaitika kabla sijamaliza kukanyaga.
Gia ya tatu, na bado lilitaka.
Mzee mmoja nyuma akashika kofia yake
ingawa dirisha lilikuwa limefungwa.
Nilicheka peke yangu. Nina miaka hamsini na mitatu.

Lita thelathini: kilomita mia tatu kamili.
Nikarudia hesabu, labda kalamu imekosea.
Kumi kwa lita. Kalamu haikukosea.

Basi nikakaa na bei.
Petroli mia na themanini, ya Nyawa mia na kumi,
mchanganyiko mia na arubaini na tano.
Kilomita ya petroli: shilingi kumi na tano.
Kilomita ya miwa: kumi na nne na nusu.
Kishindo chote kile, mama na mikono yake yote,
kimeniachia nusu shilingi.

Kisha mvua za Mei.
Hewa ya Mombasa ni maji yanayotembea,
na spiriti, kumbe, huyanywa bila kukaribishwa.
Gari lililala siku nne bila kazi;
la tano likanifia Kibarani, penye harufu,
tangini maji chini, petroli juu,
kama mume na mke waliogombana.
Na mpira wa mafuta umelegea kama tambi za futari.
Shebwana hakusema nilikwambia. Alisema mia tisa.

Mia tisa kwa nusu nusu shilingi:
kilomita elfu moja na mia nane ndipo mpira ujilipe.
Rahisi ghali, nikaandika, nikapiga mstari.

Nimerudi kwenye petroli.
Mtungi mmoja ungalipo jikoni, mbali na moto.
Sijaumwaga. Nyawa akiuliza, namwambia namsubiri mnunuzi.

Ila kuna ukurasa wa mwisho,
pale marehemu alipoandika "Mwinyikai, mia sita, bado."
Chini yake nimeandika, "Mazeras, gia ya tatu,"
na kalamu ikasimama,
sijui niiweke upande wa mapato
au wa matumizi.