Hakutia Maji

Ujumbe uliingia Jumanne asubuhi
nikiwa na pini mdomoni na suruali ya mtu magotini:
Wateja wetu wapendwa.
Nikajua. Hakuna anayekuita mpendwa
akitaka kukupunguzia.

Chupa ya mia tisa sasa ni elfu mbili na mia nne.
Tabutany wa Rongai, mwenye ekari tatu za mizabibu
na nyani wasiolipa,
alitaja glasi, alitaja stempu za ushuru,
alitaja mvua iliyokuja zabibu zikiwa zimeiva.
Akamalizia kwa Mungu awabariki.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi tulikutana kwangu Shabab,
watu wanne na cherehani iliyofunikwa shuka.
Ogweno, mwalimu wa kemia,
alikuja na hasira iliyopigwa pasi.
Akachukua chaki yangu, akaandika juu ya meza ya kukatia:

    Tulinywa kwa mia tisa, tukaona tumefika,
    Leo twaulizwa pesa, za kununulia nyika,
    Bibi umetutikisa, chupa yako twaizika,
    Heri tunywe chai tupu, kuliko kunywa hasara.

"Mizani imetimia," Khadenje akasema. "Kiu je?"

Gathuru alikuwa amepitia dukani.
Alileta divai ya pakiti
yenye picha ya ngome asiyoijua mtu.
Tukaonja.
"Si mbaya," akasema, kwa sauti ya mtu
anayeonyeshwa mtoto wa jirani asiyempenda.
Khadenje alimwaga yake kwenye mkebe wa mshubiri,
taratibu, akitazama dirishani.

Ikabidi tukumbuke.
Miaka sita nyuma aliijaza kwenye chupa kuukuu za soda,
akaifunga kwa nailoni na mpira,
ikanuka zambarau, na vumbi la barabara ya Mogotio
likipigwa na tone la kwanza.
Siku ile Ogweno hakutoa asilimia yoyote.

Kizuri chajiuza, walisema.
Hiki hakikujiuza. Hiki tulikitembeza sisi.
Mimi nikipima mabega ya mabwana harusi, nikisema.
Khadenje akiwaambia madaktari wa zamu ya usiku.
Gathuru akabeba kreti nzima hadi kwenye posa, Nyahururu,
wakwe wakasahau kuhesabu mbuzi.
Kisha magari ya mahoteli yakaanza kupanda kilima,
nasi tukapunga mikono, tukijiona wenyeji.

Na mgema akisifiwa, kila mtu anajua atakachofanya.
Tabutany hakutia maji.
Angetia maji ningemsamehe upesi,
ningekuwa na la kusema.
Divai ni ile ile.
Ndilo linalouma.

Tukachanga mia sita, mia sita.
Khadenje alitoa mkobani kikombe cha kupimia dawa ya kikohozi.
Ogweno, aliyekuwa ameizika chupa kwa chaki,
alichuchumaa, jicho sawa na meza, kama maabara,
akagomba kwa ajili ya tone.
Chupa ilisimama juu ya shairi lake.
Ikaacha duara jekundu juu ya neno hasara.

Hatukuzungumza sana.
Mtu akimeza, wengine walimtazama koo.

Vizibo ninaviweka mimi, kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia.
Sitini na kimoja, kila kimoja na tarehe.
Miaka yote walinicheka.
Usiku ule Gathuru alikiokota cha sitini na mbili,
akakinusa, akakitia mfukoni, akaaga.

Nilimwacha aende.
Suruali ile naijua. Mfuko wa kushoto umetoboka;
mwezi uliopita alikataa nisiushone,
akisema siku hizi bei yangu imepanda.
Nilisubiri nisikie lango likifungwa,
nikachukua tochi.