Baada ya Nukta

Nchi hii huhesabu mpaka tarakimu ya tatu.
Riyali moja, baisa elfu;
hata sifuri zilizo baada ya nukta zina wenyewe.
Mimi huzisoma saa nane kwa siku
kwenye pampu namba nne, njia ya Ibra kwenda Sur:
lita kumi na saba, nukta, nane nne sifuri.
Mwenye gari anaangalia lita.
Mimi naangalia yanayofuata.

Mwaka wangu mlango ulikuwa tisini na mbili kamili.
Nilifika na tisini na moja, nukta, nane,
nikapiga hodi, pakawa kimya.
Mama akasema haba na haba hujaza kibaba.
Ile haba iliyokosekana
haina methali.

Basi Muzna alipoingia darasa la kumi na mbili
nilimgeukia nikawa askari.
Intaneti naizima baada ya Isha. Rimoti naificha ndani ya gunia la mchele.
Akahamia jikoni na vitabu vyake,
maana kiyoyozi cha sebuleni kilikuwa kimekata roho
na jikoni kuna feni la Mama, bovu shingo, linatazama upande mmoja tu.
Kitabu cha Kiarabu, maswali ya Kiarabu,
ila akikwama hugomba kwa Kiswahili cha Wete,
kile alichokuja nacho Mama kwenye sanduku la bati
pamoja na mbuzi ya kukunia nazi.
"Potelea mbali!" anaiambia sumaku.

Mama hajui sumaku inataka nini.
Alikaa naye tu, akikunja sambusa za soko la wanawake, za Jumatano.
Swali likikubali, sambusa inakwenda kulia.
Likikataa, kushoto.
Usiku wa mwisho wa hisabati, kushoto zilikuwa tatu.
Tulizila, zisibaki ushahidi.

Fomu ya machaguo tuliijaza pamoja.
La kwanza udaktari, kama dunia nzima.
La sita akaandika uhandisi wa maji.
Nikamuuliza, huu nao umetoka wapi?
Akasema falaji ya shamba la babu imekauka,
na kila mtu anajua lini, hakuna anayejua kwa nini.
Simu yake ilikuwa imepasuka kioo.
Tukaandika namba yangu.

Ujumbe ulikuja mchana wa Agosti.
Kwenye pampu simu ni marufuku, bango nimelitundika mwenyewe.
Ilinitetemekea pajani
nikiwa nimeshika mpira, najaza lori la barafu na samaki.
Sikuitoa. Nilitazama tarakimu zikipanda
mpaka macho yakaacha kuzisoma.
Kisha nikamwachia Biju mpira
nikaenda nyuma, kwenye mashine ya upepo wa matairi.

Tisini na nne, nukta, tatu saba moja.
Chaguo la sita. Ada, bweni, posho: juu ya serikali.

Sitasema uongo.
Kilichotangulia hakikuwa furaha.
Ilikuwa hesabu ya kutoa: yake, toa yangu,
mbili, nukta, tano saba moja.
Na kwa muda, tuseme wa tangi moja la gari dogo,
ujumbe ule ulikuwa kwenye namba yangu, mkononi mwangu,
na hakuna mwingine duniani aliyeusoma.
Nikauvaa.
Ulinikaa vizuri mabegani.
Nikauvua polepole, kama mtu anayerudisha kanzu ya kuazima,
akiangalia asiache jasho kwenye ukosi.

Nikampigia Mama.
Hakuuliza asilimia, wala chuo, wala mji.
"Kulia au kushoto?"
"Kulia, Mama."

Nikasikia kitu cha bati kikianguka sakafuni
na kuviringika, kuviringika,
na nyuma yake sauti ya Muzna:
nani huyo? Kasema nini? Mama,
kasema nini?