Mayai Juu ya Bamia

Saa mbili usiku, Surat. Mvua inafoka kwenye michirizi.
Nimetoka dukani kupima nyuzi za zari,
vumbi la dhahabu bado limo chini ya kucha,
na mtungi wa gesi, nikiutikisa,
haunijibu kitu.

Mleta mitungi atapita Jumatatu. Leo Alhamisi.
Basi kitakachokubali kuiva kwa dakika kumi
ndicho chakula.

Bamia robo kilo, nimezifuta kwa kitambaa mojamoja,
maana bamia iliyoonja maji
hulipiza kisasi kwa ulenda.
Kitunguu kimoja. Nyanya mbili, moja imebonyea.
Pilipili mbichi na kishada cha kotmiri
alivyonitupia muuza mboga bure
kwa kuwa nilicheka utani wake mbovu.
Mayai manne.

Manne, nasema, si mawili.
Mkono uliyahesabu kabla hasira haijauwahi.

Hoshang yuko chumbani, mlango kaurudisha.
Siku ya kumi na moja hii hatusemezani,
tangu nilipouza cherehani ya mama
bila kumuuliza.
Kaka yangu hajui kushona hata kifungo.
Ila redio yake ilikuwa ikikaa juu ya cherehani ile,
na sasa iko sakafuni, imenuna.

Jira kwenye mafuta: inatatarika.
Tangawizi, saumu, manjano ncha ya kijiko.
Bamia zinaingia kwa kelele
kama ndugu waliochelewa harusini.
Waliosema haraka haraka haina baraka
hawakupika kwa mtungi unaokata roho.

Chumvi. Hapa nasita.
Si niliitia ya kutosha siku ile,
nikasema cherehani imeliwa na kutu,
hali gurudumu lake lilizunguka laini
kama siku ilipofika kwa treni kutoka Bombay?
Natia kidogo tu.

Navichimba vishimo vinne kwa mgongo wa kijiko.
Yai la kwanza, la pili.
La tatu kiini kinapasuka, kinatambaa baina ya bamia.
Hilo langu.
La nne zima,
jicho la manjano, linanitazama bila kupepesa.

Na moto ukawa wa buluu, ukawa wa manjano,
ukarukaruka,
ukaenda.

Sikuupuliza. Sisi Waparsi, mama alituonya,
moto hatuuui kwa pumzi zetu;
unaachwa uondoke wenyewe, kama mgeni wa heshima.
Pembeni mwa jiko utambi wake
bado unaelea kwenye glasi ya mafuta, unawaka,
lakini utambi hauivishi yai.

Ute ni maji bado. Unatetemeka.
Nafunika. Juu ya kifuniko naweka taulo,
juu ya taulo viganja vyangu viwili,
na mimi ambaye sijawahi kuatamia kitu chochote duniani
naatamia kikaango.

Mlango unalia.
"Gesi imekwisha?"
"Imekwisha."
"Usifunue. Bamia zina joto lao."

Amesimama na soksi moja.
Anaanza kuhesabu kwa Kigujarati, kwa sauti,
mpaka mia mbili, kama mama,
na baada ya sabini na tisa anaruka
palepale mama alipokuwa akiruka.
Simsahihishi.

Nafunua. Mvuke unaniziba miwani.
Ninapoifuta, ute umeshika, mweupe,
viini vinayumba kidogo, kotmiri imesinyaa kingoni.
Nakata mkate. Neno nililolipanga
siku kumi na moja halijatoka,
na yeye tayari amevuta upande wenye kiini kilichopasuka.

"Hilo langu," namwambia.
"Najua," anajibu, mkate umeshazama.
Anatafuna. Anatazama dari.
"Chumvi haitoshi."