Pini ya Kumi na Saba

Kalunde ameniletea mistari kumi na mmoja.
Tisa ni maelezo. Kazi yenyewe ni miwili
iliyobadilishana nafasi: wa chini umepanda juu.
Hapo ndipo ninapoogopa.
Marekebisho marefu huficha kosa kichakani,
mafupi hulificha peupe.

Saa tano usiku, Cheyo. Umeme umerudi,
feni inazungusha vumbi la Septemba
na harufu ya tumbaku kutoka kwa jirani.
Nasoma.

Koki ya pipa la asali, ghalani Kiloleni,
hufunguliwa na pini ya kumi na saba.
Kila umeme unapokatika na kurudi
(na kwetu Tabora hurudi ili ukatike)
koki hufunguka, kufumba na kufumbua,
halafu hujifunga, kama mtu aliyekohoa kanisani.
Tone moja. Pengine mawili.
Hakuna mita iliyoliona.
Waliliona sisimizi.

"Nimehesabu misafara yao siku tisa," ameandika.
"Siku umeme ulipotulia, hawakuja."
Miaka kumi na miwili nasoma ripoti za makosa,
sijapata kuona shahidi wa namna hii.

Kiendeshi kiliiambia pini:
kuanzia sasa husikilizi tena, unasema.
Kisha, ndipo kikaiambia: sema sifuri.
Katikati ya amri hizo mbili
pini imesimama kinywa wazi,
na neno lililobaki ulimini ni la jana: moja.
Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi,
lakini pini haina kidole.

Kalunde anaipa neno kwanza, kinywa baadaye.
Basi, hilo tu.

Mimi si mtu wa basi.
Natoa ubao wa zamani uvunguni,
naufunga kitaa chekundu,
nachomoa, nachomeka, mara arobaini.
Kwa kiendeshi cha zamani kitaa kinakonyeza,
ukipepesa umekikosa.
Kwa cha Kalunde, giza. Giza. Giza.
Sijawahi kulifurahia giza hivi.

Namuuliza: na vile vibao vya Sikonge,
visivyopokea neno kabla ya kinywa?
Jibu linakuja baada ya dakika sita. Kumbe naye halali.
"Hivyo nimevifungia kipingamizi kwa mkono,
kivute chini hadi kiendeshi kiamke.
Programu haitibu kila kitu.
Nimeandika, mstari wa tano."
Narudi mstari wa tano. Kweli.
Nilikuwa nimeuruka.

Namtafuta sasa aliyeandika mpangilio wa kwanza.
Machi, miaka sita iliyopita. Jina langu.
Usiku ule nilikuwa nawahi treni ya Mpanda,
begi begani, naandika nimesimama.
Pale stesheni hakuna apitishaye treni
kisha ndipo akapange njia.
Mimi nilipitisha.

Naandika: *Nimekagua. Nimejaribu. Nakubali.
Kosa lilikuwa langu.
Ombi moja: usiwafute sisimizi kwenye maelezo.*

Kabla sijatuma, umeme unakatika.
Modemu inafumba jicho lake la kijani.
Nakaa gizani na barua yangu mkononi, kama mtu wa posta
aliyekuta mlango umefungwa.
Kiloleni bado wanatumia kile changu.
Umeme ukirudi, kabla Kalunde hajasoma neno,
tone litaanguka,
na wenyewe wako njiani tayari.