Mizani ya Shinyalu

Nilimkuta katika kitabu kilichovunjika mgongo,
maktaba ya shule, Shinyalu, siku ya mvua ya mawe:
nguva wa bahari ya barafu, si huyu wetu wa Lamu,
mrefu kama trela la miwa linaloelekea Mumias,
ngozi kama gome la mti mkongwe,
kinywani hana hata jino moja.
Alikula mwani, akapumua, akala tena.
Mabaharia wakamwona, wakamwonja.
Miaka ishirini na saba baadaye
hakubaki hata wa kuulizwa.

Nawe, kipepeo wa Isecheno,
nimekutia katika daftari la mistari
kati ya karo na deni la sukari:
Machi, wanne.
Aprili, mmoja (labda ni yuleyule).
Mei nimeandika "mvua",
nikaogopa kuandika sifuri.

Ukubwa haukumwokoa yeye, udogo hautakuokoa wewe.
Ningetamani kukomea hapo, ni sentensi tamu,
ila Mmbone wa darasa la sita kanyosha mkono:
"Mwalimu, yupi mzito?"

Tukaenda kwa Shikanga, kwenye kinu cha kusaga.
Nguva tulimkadiria kwa mahindi:
magunia mia, foleni yake ikatoka mlangoni,
ikavuka barabara, ikapita kwa kinyozi.
Kipepeo hatukuwa naye.
Tukaweka jani la mti anaoula kiwavi wake,
huo tu, mwingine haugusi.
Mshale haukutikisika.
Shikanga akacheka, kope nyeupe kwa unga:
"Hii inapima chakula, mwalimu."
Mlango alioegemea ni mbao za mti huohuo.
Nikanyamaza.
Kitanda changu pia.

Usiku nilirudi kitabuni.
Jike lilipochomwa mkuki, dume halikukimbia;
liliifuata maiti hadi ufukweni,
kesho yake likaja, na kesho kutwa,
likaukuta mzoga pale pale.
Nani aliandika haya, na mikono yake
ilinuka mafuta ya nani?

Leo alfajiri, kando ya kisiki kinachotoka utomvu,
kitu kimezunguka, kimezunguka,
rangi yake mfano wa moshi wa kuni mbichi.
Nimepapasa mfukoni, penseli haipo.
Mmbone kaandika kwa yake, herufi zimelala upande:

Juni. Mmoja.
Bawa la kushoto limechanika.
Yupo.