Jezi Ishirini

Jumapili usiku nafua jezi ishirini:
kumi nyekundu za mume wangu,
kumi za kijani za mwanangu.
Beseni mbalimbali. Mwaka ule wa kwanza nilizichanganya,
zikatoka zote rangi ya tope la mto,
na hao wawili, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi,
wakakubaliana jambo: kosa ni langu.

Hapa Salto, Julai, baridi inauma hadi kwenye fizi.
Ovidio husimama mstari wa huku,
chupa ya maji moto kwapani, kibuyu cha chai chungu mkononi,
koti lile lile la mwaka aliotwaa kombe la mtaa.
Líber husimama mstari wa kule,
chupa kwapani, kibuyu mkononi.
Mwambie amefanana na babaye, atakununia wiki nzima.
Kati yao watoto wa miaka tisa
wanaufuata mpira kama vifaranga wamemwona panzi.

Fahali wawili, watu husema, hawakai zizi moja.
Wangu wamekaa miaka thelathini na mmoja,
na zizi nafagia mimi.
Mezani chumvi ni beki, zeituni ni mawinga,
mkate wangu ndio goli.
"Ukipanga hivyo utafungwa."
"Na wewe ulinifunga lini bila refa kuwa binamu yako?"
Mchuzi unapoa. Goli naliokota, nalikata vipande, tunakula.

Leo Líber alimchezesha kitoto kimoja, Nahuel,
miguu njiti za kiberiti, namba nne mgongoni.
Mpira ukampita katikati ya miguu, ukaingia.
Ukampita tena.
Akasimama pale pale analia, mkono wa jezi mdomoni.
Ovidio akapaza sauti kutoka ng'ambo,
akimwambia mwanawe, si mtoto:
"Mtoe! Anakupotezea mechi! Mtoe!"

Nami pale kwenye ubao, chini ya mikaratusi,
nikaiona siku nyingine.
Fainali. Líber ana miaka tisa, kamasi hadi kidevuni,
na kocha wake, ambaye ni baba yake,
anamwonyesha benchi kwa kidole, bila kumtazama.
Walishinda siku ile. Picha ipo sebuleni.
Kombe liko katikati, kila mtu meno nje,
na pembeni kabisa, ukisogea karibu,
kuna kiatu kimoja kidogo
cha mtoto aliyekuwa anaondoka.

Líber hakumtoa.
Aliingia uwanjani, refa akapuliza, akapuliza,
akapiga goti kwenye tope
akafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.
Akasema neno. Sikulisikia.
Nahuel akabaki.
Tatu kwa moja, na la tatu nalo
lilipita pale pale kwa Nahuel.

Msidhani mwanangu ni malaika.
Garini aliupiga usukani kofi,
akaapa mwezi wa tisa atamfunga baba yake
mpaka mzee auze lile koti.

Na mshindi? Mshindi karudi kabla ya giza.
Kuku hakumgusa. Redio hakuifungua.
Kakaa nami jikoni anazungusha kifuniko cha chumvi.
"Alimwambia nini yule mtoto?"
"Kamuulize."
"Hatanijibu."
"Basi vumilia."
Kimya kirefu; maji tu yanadondoka.
Kisha akazamisha mkono beseni la kijani,
yeye ambaye tangu tuoane hajui sabuni inakaa wapi,
akaitoa namba nne,
akaikamua taratibu, hasa ule mkono uliotafunwa.

"Beki mzuri huyu," akasema,
"ila anasimama vibaya. Miguu yake ipo mbalimbali mno.
Líber hajui kufundisha kusimama."

Nikamnyang'anya jezi.
Angeichana.